Barua Elfu Arobaini

Mwezi wa pili, Hull, kabla ya alfajiri,
feni ya kompyuta ilikuwa ikihema
kama mtu aliyepandishwa ngazi na gunia.
Nikasema ni baridi. Huku kila kitu nilisema ni baridi:
mlango kugoma, maziwa kuchelewa, mimi kutolia.

Ikaja barua ya kampuni ya intaneti, ya karatasi, yenye kidirisha:
Mpendwa mteja, nyumba yako inatuma
barua pepe elfu arobaini kwa usiku mmoja.
Tafadhali acha.

Niache nini?
Nalala peke yangu. Nikitoka zamu nyumba ya wazee, Anlaby Road,
vidole vinanuka sabuni ya watu wengine,
sina nguvu ya kuandika hata "nimefika".

Hemin wa duka la simu, Spring Bank,
aling'oa waya kabla ya salamu.
"Mgonjwa hutengwa kwanza," akasema, "maswali baadaye."
Kiingereza chake na changu vilikwenda pamoja
kama watu wawili wanaoteremsha kabati kwenye ngazi nyembamba.

Akanionyesha mlango alioingilia.
Novemba, nilipokuwa nangoja viatu vya theluji,
ujumbe mfupi, wenye adabu:
Kifurushi chako kimekwama. Bofya hapa.
Nikabofya. Nani hapa asiyengoja kitu?
Hakuvunja kitasa. Nilimfungulia mwenyewe,
na mgeni huyu hakusubiri siku ya tatu apewe jembe,
usiku ule ule alianza kulima
na shamba lilikuwa jina langu.

Aliuza vidonge vya kupunguza tumbo.
Aliuza saa za dhahabu zisizo na dhahabu,
mikopo, wachumba,
nguvu za kiume kwa wajane na masista,
na chini ya kila barua: Saumu.
Saumu, ambaye miaka miwili
alishindwa kumwandikia dada yake mstari mmoja,
tangu msiba wa mama, na nauli isiyopatikana,
na aibu iliyoota meno.

Saa tatu tulikaa tukitazama asilimia zikipanda.
Akafuta. Akaweka mlinzi.
"Akikuomba kusasisha, msasishe. Mlinzi mwenye njaa husinzia."
Akauliza neno la siri. Nikamtajia
jina la mama na mwaka wake wa kuzaliwa.
Alinitazama kidogo.
"Jina la mama si kufuli," akasema.
Nikalibadilisha. Jipya siliandiki, hata hapa.

Alipokwenda na pauni zake thelathini na sambusa nne
nikafungua kikasha.
Matusi, kwa lugha nisizozijua.
Barua zilizorudi, maelfu, hazikupata mwenyewe.
Na katikati, ya wiki tatu nyuma, Batuli, kutoka Muheza:

Nimepata barua yako ya vidonge.
Nilijua si wewe, wewe huwezi kuniita "mpendwa rafiki".
Ila nilipoona jina lako, niliwaita watoto waje waone.

Nje gari la taka lilikuwa likinyanyua mapipa ya buluu,
moja moja, bila haraka.

Niliandika kurasa nne. Nikazifuta.
Nikaandika: Batuli, ni mimi.
Na mengine machache, ya mama.
Nikatuma.

Siku tano, kimya.
Ya sita nikapiga simu, mkono ukitoka jasho.
"Hukupata barua yangu?"
"Barua gani?"
Nikakumbuka maneno ya Hemin, akivaa koti:
jina likishachafuka, maboksi ya watu hulikumbuka.
"Angalia kwenye taka," nikasema.

Nikamsikia anabofya. Kuku. Mtu anafagia.
Halafu hakuna kitu, muda mrefu,
nikadhani laini imekatika.

"Ipo," akasema. "Ipo hapa,
kati ya saa ya dhahabu na mchumba wa Kirusi."
Akacheka, akapenga kamasi,
akaanza kunisomea, polepole, neno kwa neno,
kana kwamba ni mimi niliyekuwa naingoja.